Fimbo Imefika, Kamyo Bado

Kwetu Ngungu kulikuwa na vitu viwili ambavyo mtu hakuvichezea: misa ya Jumapili na fimbo ya mteremko. Misa nimekwisha kuichezea, na masista wa shule yangu ya bweni wanaweza kutoa ushahidi. Fimbo sikuwahi kuigusa.

Barabara inayotoka kwetu kushuka ziwani, kuelekea Kirotshe, imechongwa kwenye ubavu wa mlima, na sehemu kubwa ina upana wa gari moja tu. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu. Upande wa pili ni hewa. Juu kuna bariyeri, yaani mti wa kufunga njia, inayolindwa na Papa Nzabandora; chini kuna ya Marcellin. Magari hupanda kwa kundi, kisha hushuka kwa kundi, na gari la mwisho la kila kundi hubeba fimbo ndefu iliyopakwa rangi nyekundu. Fimbo ikifika juu, maana yake wote waliokuwa wakipanda wamefika, na wa kushuka wanaweza kwenda. Ikifika chini, wa kupanda wanaanza. Fimbo ni moja tu. Hakuna simu wala karatasi, na hata walevi wa soko la Ngungu huishika kwa mikono miwili.

Élisabeth, mlezi wetu, alikuja kwetu pamoja na jipu, ile gari ya Jeep. Vyote viwili vilikuwa vya bwana mmoja wa shamba la pareto huko Masisi, ambaye mke wake alimfundisha Élisabeth kuendesha ili awapeleke watoto shuleni. Baada ya uhuru walirudi kwao Ulaya. Papa akanunua jipu, na Mama akaenda kumtafuta mwanamke aliyeijua.

Papa alipinga. Yeye na Mama ni watu wa Butembo, watu wa duka na kamyo, yaani lori la mizigo, na alisema kwamba mashofere wa Kivu nzima watamcheka.

"Wacheke," Mama alimjibu. "Séraphin wako anaendesha kama muntu anafukuzwa na nyuki. Magunia ni yako, umupe Séraphin. Watoto ni wangu."

Mapatano ya kazi yalifanyika jikoni. Niliyasikia nikiwa nyuma ya mlango, mahali ambapo nimepata sehemu kubwa ya elimu yangu.

"Mama Adrienne," Élisabeth alisema, kwa kuwa Adrienne ni mimi, kifungua mimba, "nyumbani watoto ni wako. Utaniambia wale nini, waoge saa gani, sitabisha. Lakini jipu ikitembea, watoto ni wangu. Hata weye ukiwa ndani."

"Hata papa yao akiwa ndani?"

"Hata yeye."

Mama alikoroga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. "Njo vile," akakubali.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Kitu cha kwanza ambacho Yaya Élisabeth alifanya ni kufunga kioo kidogo cha kunyolea kwa waya, pembeni ya kile cha gari. Kioo cha gari kilitazama barabara. Hiki kilitutazama sisi. Mtu hakuweza hata kumfinya mdogo wake kwa heshima. Kitu cha pili kilikuwa kusikiliza. Klaksoni, yaani honi ya jipu, ilikufa zamani na vipuri havikupatikana, kwa hiyo kwenye kila kona kali alisimama, akazima moteri, akafungua mlango, akatega sikio. Kona mbaya kuliko zote tunaiita Kiwiko, kwa sababu barabara inajikunja pale kama mkono wa mtu anayekula. Pale alisikiliza mpaka Henri, mdogo wangu wa miaka minane, akauliza kama Yaya amelala.

Séraphin, shofere wa Papa, alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo. "Élisabeth anazungumuza na mulima," alisema. "Siku moja mulima utamujibu."

Jambo la mwisho la kueleza ni chafya ya Papa. Papa huvuta ugoro, na chafya yake inajulikana kutoka Ngungu hadi Pinga. Inaanza na mlio mwembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, inapumzika, kisha inapasuka. Mimi niliweza kuiiga kabisa. Katika likizo ile ya Pasaka ya mwaka wa sitini na sita, Papa akiwa Walikale kununua mafuta ya mawese, nilijificha nyuma ya magunia ya maharagwe dukani nikaipiga mara moja tu. Mama aliacha wateja, akakimbia kubadilisha kitambaa cha kichwa na kuagiza maji ya moto ya kuoga mume. Aliponigundua alinifukuza na mwiko hadi kwa jirani. Niliona ni mafanikio makubwa.

Siku chache baadaye Grégoire, mdogo wetu wa mwisho, alianza kukohoa.

Mwanzoni tulicheka, kwa sababu alikohoa kama mbwa anayebweka. Munganga Edmond, muuguzi wa dispanseri, alikuja, akamsikiliza kifua, akatuma salamu kwa shofere mmoja aliyekuwa anashuka: aombe dawa hospitali ya Kirotshe. Asubuhi iliyofuata Grégoire hakubweka tena. Kila alipovuta pumzi ilitoka sauti ya msumeno kwenye mbao mbichi, na shimo dogo lililo chini ya koo lilizama ndani, likazama sana, kana kwamba mtu anamvuta kwa uzi kutoka mgongoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Munganga Edmond hakumaliza hata kuvua kofia. "Huyu si wa kungojea dawa," alisema. "Koo inajifunga. Kirotshe, leo, sasa hivi. Na huyu mwingine anaanza kukohoa vilevile, umupeleke naye."

Huyu mwingine alikuwa Henri, ambaye mara moja aliacha kujivunia kikohozi chake.

Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya milimani isiyo na haraka. Mama alikaa mbele na Grégoire amefungwa kwenye blanketi. Mimi na Henri tulikaa nyuma. Élisabeth aliendesha mpaka bariyeri ya juu, na pale tukakuta mti wake umeshushwa: kundi la asubuhi lilikuwa bado linapanda.

Tulingoja. Nilijaribu kuhesabu pumzi za Grégoire kisha nikaacha, kwa sababu kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ambayo sikutaka kuijua.

Magari yalipanda moja moja kutoka kwenye ukungu, na la mwisho likawa kamyoneti ya Émile, mchuuzi wa chumvi. Alikuwa ameshika fimbo dirishani.

"Na Papa Philippe?" aliuliza Papa Nzabandora, mlinzi wa bariyeri, mzee mwenye koti la jeshi lililokwisha vifungo, akimtaja Papa wetu. "Marcellin kule chini huwa anampa fimbo mwenye mzigo mzito. Wa mbele wamesema kamyo ya Papa Philippe iko nyuma yao. Iko wapi?"

"Imechemuka pa chemchemi," Émile alisema. Ndipo akatuona, akavua kofia. "Mama Adrienne! Papa amesikia pa Sake kama mutoto ni mugonjwa. Njo maana amenipa fimbo. Alisema: weye uko mwepesi, kimbiza fimbo juu, wasimukawishe mutoto wangu. Yeye atangojea pale pa chemchemi, mahali iko upana. Mupite tu."

Nilifurahi. Papa alikuwa karibu, Papa alikuwa amefikiria kila kitu. Mama alifunga macho akasema, "Asante, Mungu wangu." Lakini Papa Nzabandora aliigeuza fimbo mikononi mwake kana kwamba amepewa nyoka.

"Fimbo bila gari ya mwisho," alisema. "Hiyo mimi sijaiona."

"Moteri yake imezimwa?" Élisabeth alimuuliza Émile.

"Imezimwa, dada. Séraphin yuko na kifuniko cha radiateri mukononi."

Papa Nzabandora alichungulia ndani ya jipu. Grégoire alivuta pumzi yake ya msumeno. Mzee akaenda mwenyewe kuinua mti, akampa Henri fimbo dirishani, maana tulikuwa peke yetu tunaoshuka, na kwa hiyo tulikuwa wa mwisho. Njia ilikuwa wazi.

Élisabeth hakuondoka.

"Unangoja nini?" Mama aliuliza.

"Kamyo, Mama. Fimbo imefika, kamyo bado."

"Bwana yangu amesema atangoja pale!"

"Amesema. Lakini iko huko chini, na mimi siioni."

"Élisabeth, muangalie huyu mutoto!"

Élisabeth alimwangalia. Wakati huo Grégoire alifungua mdomo avute hewa na hakuna kitu kilichotokea. Hapakuwa na sauti kabisa. Mama akamtikisa, akamtikisa tena, kisha msumeno ukarudi. Élisabeth alitia gia ya kwanza, na tukaingia kwenye ukungu.

Nimesoma shuleni maelezo ya jehanamu, kwa Kifaransa na kwa picha. Waandishi wake hawakuwahi kushuka kwenda Kirotshe katika mvua. Hatukuona ng'ambo ya boneti. Ukuta mwekundu ulitupita pembeni ukitokwa maji, na upande wangu palikuwa na weupe mtupu, na mara kwa mara jiwe lilitoroka chini ya gurudumu likaenda huko kwenye weupe, nami nikangoja nisikie linapoanguka. Sikusikia. Henri alikuwa amekumbatia fimbo kwa mikono na miguu.

Kwenye kona ya kwanza Élisabeth alizima moteri, akasikiliza. Kwenye ya pili pia. Kila mara ukimya ulipoingia, tulimsikia Grégoire vizuri zaidi.

"Tafazali," Mama alisema kwenye kona ya tatu. "Tafazali, Élisabeth. Papa iko pa chemchemi. Chemchemi iko mbali bado, iko chini ya Kiwiko. Hapa hakuna muntu."

"Ndiyo, Mama," alisema Élisabeth, akasikiliza, kisha akawasha.

Tulifika Kiwiko. Mahali hapo mlima unatoa pua nje, barabara inaizunguka, na anayetoka juu haoni kitu cha upande wa pili hata siku ya jua. Upepo ulitoka ziwani ukipanda, ukituletea harufu ya matope. Élisabeth alivuta freni ya mkono, ambayo ilishika nusu tu, akabaki amekanyaga ile ya mguu. Akazima moteri. Akafungua mlango.

Mama alibadilika sauti. Haikuwa ya kuomba tena, ilikuwa ile ya dukani.

"Washa."

"Kidogo tu, Mama."

"Mimi njo nakulipa, na mimi njo nasema washa! Mutoto akinifia hapa juu ya masikio yako, je? Sikiliza vizuri, kwa kuwa unapenda kusikiliza. Ukifika Kirotshe utafute kazi ingine. Umenisikia? Washa!"

Mkono wa Élisabeth ulikwenda kwenye ufunguo. Nilikuwa upande wa Mama, naapa. Nilitaka tuende, nilitaka kona ile ipite, nilikuwa nimeuma pindo la kitenge changu ili nisipige kelele.

Hapo, kutoka kwenye ukungu, ukasikika mlio mwembamba wa mlango usiotiwa mafuta. Ukapumzika. Ukapasuka.

Mama aligeuka mzimamzima akanizaba kofi ambalo hadi leo nikiinama nalisikia sikioni.

"Adrienne! Hata leo? Ndugu yako anakufa, na weye unacheza? Hata leo?"

Nilitaka kujibu, lakini kitenge kilikuwa mdomoni, na machozi yalikuwa yamenitangulia. Henri alinitazama kwa woga, kama mtu anayemtazama shetani aliyezaliwa naye. Hata yeye aliamini ni mimi. Kwa kweli, kama ningekuwa wao, nami ningeamini. Papa alikuwa pa chemchemi, mbali, chini kabisa. Na mimi nilikuwa pale, na sifa zangu zote.

"Si yeye," alisema Élisabeth.

"Namujua mutoto wangu!"

"Mama, si yeye. Namuangalia." Alikuwa hajageuza kichwa; macho yake yalikuwa kwenye kile kioo cha kunyolea. "Mudomo wake umefungwa, anakula kitenge tangu kona ya pili. Hiyo chafya imetoka mbele."

Msumeno ulikwenda, ukarudi.

"Mbele wapi?" Mama alinong'ona.

"Njo nataka kwenda kuangalia." Élisabeth alisema haya polepole, kama anayeongea na mtu aliyelala. "Mama Adrienne, umupe Adrienne mutoto. Ukuje huku kwangu. Weka mguu hapa, juu ya mguu wangu. Sukuma. Mimi natoa wangu. Usiutoe wako mpaka nirudi."

Mama hakuwahi kugusa kitu chochote cha kuendesha gari maishani mwake. Alinipa Grégoire juu ya kiti, akasogea, akakanyaga. Jipu ilisogea mbele kidogo, kidogo tu. Kisha ikasimama. Élisabeth aliteremka, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akatembea akiwa ameshika ukuta, na ukungu ukammeza.

Mguu wa Mama ulikuwa unatetemeka mpaka kiatu kikapiga chuma, taka-taka-taka. Alishika goti kwa mikono miwili na kuusukuma mguu chini. Midomo yake ilikuwa inasali bila sauti. Mimi nilikuwa na Grégoire kifuani. Alikuwa mzito na wa moto, na lile shimo la kooni lilizama na kuinuka chini ya kidole changu. Nilimwambia, kwa siri, kwamba akiendelea kupumua nitampa filimbi yangu, na kisu changu, na sitamfinya tena hata aking'oa nywele. Nilimtajia mali yangu yote. Si nyingi, lakini niliitaja mara mbili.

Sauti zikasikika. Élisabeth alitoka kwenye ukungu, na nyuma yake akaja Papa, mvua ikimtiririka usoni, na ugoro bado uko kwenye masharubu.

Kamyo ilikuwa pale pale. Ilikuwa imesimama ng'ambo ya ile pua ya mlima, imejaza barabara kutoka ukutani hadi hewani, mapipa ya mawese yakiwa yamepangwa juu. Élisabeth alisema alikaribia kugonga paji la uso kwenye radiateri yake. Moteri ilikuwa imekufa na betri nayo, kwa hiyo hata klaksoni haikulia. Kama tungeizunguka ile pua na moteri inanguruma, tungeiona wakati boneti yetu imekwisha kuingia chini yake, au wakati Élisabeth amekwepa, na upande wa kukwepea ulikuwa mmoja tu.

"Ulisema pa chemchemi," Mama alimwambia.

Papa alifuta mvua usoni. "Nilishindwa kukaa," alisema. "Nilikaa, nikakaa. Nikasema labda hamukupata njia. Nikamwambia Séraphin tupande kidogo tu, mpaka Kiwiko, tusikilize. Na moteri ikafa hapa. Tulikuwa tunatafuta namna ya kuiwasha, hatukusikia kitu, upepo unapeleka sauti zote juu." Akamwona Grégoire mikononi mwangu. Akauona uso wake. "Nipe mutoto. Nitakimbia naye kwa miguu."

"Hapana, Papa," alisema Élisabeth. "Kirotshe iko mbali, na mvua hii itamumaliza. Rudisha kamyo kinyumenyume mpaka chemchemi, iteremke yenyewe bila moteri, polepole, na kigogo nyuma ya gurudumu. Si mbali. Pale tutapita."

"Kinyumenyume! Kwenye ukungu huu! Nipe mutoto, nimesema! Kamyo ni yangu, jipu ni yangu, mutoto ni wangu!"

"Philippe," alisema Mama. Alikuwa bado amekaa kwenye usukani, ameshika goti lake. "Jipu ikitembea, watoto ni wa Élisabeth. Tulisemezana jikoni."

"Haitembei!"

"Mguu wangu njo uko kwenye freni. Mimi njo najua kama inatembea ao haitembei. Fanya vile amesema."

Papa alimtazama mke wake kwenye usukani kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akakimbia.

Yaliyofuata niliyasikia zaidi kuliko kuyaona, na masikio ni mabaya kuliko macho. Séraphin alikuwa kwenye usukani wa kamyo. Papa alikuwa nyuma na kigogo cha mbao, anakiweka chini ya gurudumu, anakiondoa, anakiweka. "Achia!" Mapipa yakalia. "Shika!" Kigogo kikalia. "Achia!" Élisabeth alikuwa ameondoa mawe na kurudi kwenye nafasi yake, mguu wake juu ya mguu wa Mama mpaka Mama akautoa, kisha tukaanza kufuata, tukizunguka Kiwiko kwa mwendo wa kinyonga, taa za kamyo zikiwa mbele yetu zimezimika kama macho ya samaki wa sokoni.

Mara moja Séraphin aliachia kupita kiasi. Ukingo ukakatika chini ya gurudumu la nyuma. Nilisikia udongo ukienda, mzigo mzima wa udongo, na kamyo ikainama upande wa hewa, na pipa moja likaruka kutoka juu. Lile tulilisikia likigonga. Liligonga, likanyamaza, likagonga tena chini zaidi, na zaidi.

"Papa!" Henri alipiga kelele.

"Shika!" ikatoka sauti ya Papa, nyembamba sana. "Shika, Séraphin, baba yangu, shika!"

Kigogo kililia. Kamyo ikakaa. Grégoire akavuta pumzi, na safari hii nilijikuta namvutia na mimi, kana kwamba mapafu yangu yangemsaidia.

Kisha barabara ikafunguka, maji ya chemchemi yakasikika, na kamyo ikaingia kwenye ule upana kama ng'ombe anayerudi zizini. Tulipita pembeni yake, karibu mno, kioo chetu cha gari kikavunjika kwenye ubavu wake. Kile cha kunyolea kilibaki.

Élisabeth alisimama kando ya Papa.

"Henri, mupe papa yako fimbo."

Henri alihitaji muda kuiachia. Vidole vilikuwa vimekataa. Papa aliipokea kwa mikono miwili.

"Sasa weye njo wa mwisho," Élisabeth alimwambia. "Usimupe muntu."

"Sitamupa muntu," alisema Papa, kwa sauti ambayo mimi huitumia mbele ya Mama Mkuu wa shule.

Kwenye bariyeri ya chini palikuwa na msururu wa magari yanayongoja kupanda. Marcellin alikuja akikimbia. "Fimbo iko wapi?"

"Nyuma, na gari ya mwisho. Usipandishe muntu mpaka uione."

"Lakini nyie muko peke yenu, sindiyo? Watu wamengoja tangu—"

"Marcellin, hata akija askofu!"

Aliushusha mti nyuma yetu.

Kirotshe walimchukua Grégoire kutoka mikononi mwangu mlangoni. Wakamweka kwenye mvuke chini ya shuka, wakamchoma sindano, wakatufukuza. Mama na Élisabeth walikaa kwenye benchi moja ukumbini, nguo zimeloa. Kutoka nyuma ya ule mlango msumeno ulisikika, kisha haukusikika, na hapo hakuna aliyejua kama hiyo ni habari njema. Mama alishika mkono wa Élisabeth. Hatimaye daktari alitoka akiwa anakausha mikono, akasema mtoto amelala, anapumua, na mwingine yule anyweshwe dawa ya kikohozi na aache kugusa vyombo.

Mama alilia kwa muda. Alipomaliza, Élisabeth akasema, "Mama, uliniambia nikifika Kirotshe nitafute kazi ingine. Nimefika."

"Tafuta uji kwanza," Mama alisema, akapenga kamasi kwenye kitenge. "Weye na mimi hatujakula tangu jana. Na uniangalie huu mguu wangu. Hauachi kutetemeka."

Tulirudi nyumbani juma lililofuata, siku ya jua, ziwa likiwa la buluu nyuma yetu kana kwamba halijawahi kumtisha mtu. Papa alikuwa amekuja kutuchukua, lakini hakugusa usukani. Alikaa nyuma, kati yangu na Henri, na Grégoire mapajani. Mama alikaa mbele. Marcellin alikuwa ametukabidhi fimbo, kwa kuwa tulikuwa wa mwisho, na Papa aliishika yeye mwenyewe njia yote.

Tulipokaribia Kiwiko kutoka chini, kabla Élisabeth hajafanya chochote, Mama alinyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Zima," alisema. "Tusikilize."

Akazima. Mlango ukafunguliwa. Papa, ambaye alikuwa amevuta ugoro pa chemchemi, alijibana pua kwa vidole viwili na kutoa macho, asiharibu ukimya. Tulisikia maji yakitiririka ukutani. Tulisikia ndege. Tulimsikia Grégoire akipumua, bila msumeno, pumzi za kawaida kabisa.

Kisha mlio mwembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Ukapumzika. Ukapasuka.

Mama aliruka kwenye kiti. Henri alimtazama Papa. Papa, pua bado imebanwa, alitikisa kichwa kwa nguvu zote: si mimi.

Élisabeth hakugeuka. Alikuwa anatazama kioo cha kunyolea.

"Adrienne," alisema.